Nukta ya Pili Juu ya Kapo

Mdogo wangu Deo,

Barua hii ikukute Kigoma au mbele zaidi, popote ulipo. Mi mzima. Buyenzi bado inajua hakuna fundi anayeisikiliza injini kama mimi. Uvira nako wanajua: nimefika mara nne, na kila mara walinililia nisiondoke.

Unakumbuka lile kapo la pikapu nyeupe, ule mfuniko wa injini? Kinama, mtaa wenu, ilikuwa imewaka vita, ukaja gereji na begi la madaftari yako ya hesabu za chuo kikuu, ukalala ndani ya gari lisilo na magurudumu. Asubuhi ukachukua chaki yangu, ukachora mstari juu ya kapo na nukta pembeni yake.

"Kaka, hivi viwili havikutani popote. Lakini ukiviunganisha unapata kapo lote. Nukta ni kikamilisho cha mstari."

Mimi, niliyeishia darasa la sita dunia ikanimalizia masomo, nikakusahihisha: "Kama taa ya kushoto. Nafasi moja, taa moja."

"Apana! Nukta yoyote iliyo nje ya mstari inatosha. Ziko nyingi."

Nilibisha mpaka chai ikapoa. Fundi akikubali kwamba kipuri chochote kinaingia, si atafunga gereji?

Ukasema pia kuna vitu visivyo na kikamilisho kabisa. Namba za kuhesabu kwa mbili, kwa mfano: tafuta hesabu nyingine isiyokutana nazo ila kwenye sifuri. Nikasema, kwa tatu. "Zinakutana kwenye sita," ukajibu. Kwa saba. "Kumi na nne." Siku nzima niko chini ya lori napiga kelele za namba, nawe unanimaliza huku unacheka.

Siku ya boti la mizigo lililokukimbiza Kigoma, pale bandarini, ulisema neno moja tu: "Mama." Nikajibu kwa majivuno yangu: "Huyo niachie mi."

Basi mama yako yuko kwangu. Anakwenda misa, lakini mwezi wa Ramadhani ndiye anayesikia adhana kabla yangu. "We, jua limezama, kula!" Wiki iliyopita malaria ilimlaza hospitali. Nesi akatuangalia, yeye na rozari yake, mi na kofia yangu ya msikitini, akauliza, "Mutoto wake nani?"

Nikasema, "Mi."

Mama akanishika mkono. Nikaandika jina langu kwenye fomu, mahali pa lako. Tangu siku hiyo nimejiona kama mutu aliyekalia kiti cha mwenzake aliyetoka kidogo tu.

Jana nikaliendea lile kapo. Pikapu niliiuza, kapo nilikataa, na mchoro wako wa chaki nilishaufuatishia rangi zamani usifutike. Nikaweka nukta nyingine, upande wa pili wa mstari. Nikakagua kama fundi. Mstari na nukta yako, kapo lote. Mstari na yangu, kapo lote. Yako haikusogea hata kidogo.

Ulisema kweli, Deo. Naandika hivi mara moja tu, usimwonyeshe mutu.

Mwaka mzima hujaandika. Mama haulizi, ila kila siku anapakua sahani tatu. Ya tatu mi siigusi, na mi unajua ninavyokula.

Kaka yako, na mtoto wa mama yako,
Fundi wa Buyenzi