Dijei wa Nne kwenye Kaseti ya Kinyanjui

Warigia! Nakupitishia vikaratasi hivi kimoja kimoja kwa ufa wa ukuta wa mbao, hapo kwako jirani. Niko hapa dukani kwa Farah, siwezi kutoka, vijana wamejaa mlangoni.

Wanabishania ile kaseti ya disko ya mjukuu wangu Kinyanjui, ile ya madijei watatu. Ile tuliyoichezea jikoni kwangu Alhamisi! Muziki ulipokatika tukaendelea wenyewe kwa sufuria na midomo, unakumbuka? Kumbe nilikuwa nimebonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Ilitushika, Warigia. Ilitushika yote!

Farah anaapa hicho kipande chetu ni kazi ya dijei wa pili. Kinyanjui anamwambia, "Wacha ujinga, Farah, huyo ni wa tatu! Sikia huo mkono!"

Sikia huo mkono! Ni wangu, na mwiko wa ugali.

Wameirudisha mara ya nne. Na mke wa mchungaji yuko hapa, alikuja kununua betri. Ametega sikio, anasema, "Huyo mama anacheka hapo ndani, mimi namjua."

Ni wewe. Na sisi ndio tuliowafukuza wasichana kwenye kwaya ya kanisa kwa sababu ya disko! Tafadhali, usicheke. Ukuta ni mbao tu.

Umecheka! Wote wamegeuka. Mke wa mchungaji amesema, "Ndiye huyo!" na wote wametoka mbio, wanakuja kwako.

Mlango uko wazi sasa, naenda nyumbani. Ukiulizwa, mwiko ulikuwa wako.