Jina Lako Nimelivua

Baba,

Salamu zikufikie huko ambako posta haifiki. Sisi tupo. Trekta za mashamba ya karanga hazingurumi tena upande wa Nachingwea, Wazungu wamefungasha, na vibarua waliokuwa wakija Ruangwa kukuuliza nyota zao wamerudi makwao. Mkeka wako nimeukunjua leo kwa mara ya kwanza.

Unakumbuka mbaazi? Ulizipanga hapo kwa hesabu ya herufi, jina la mtu na jina la mama yake, ukitoa kumi na mbili, kumi na mbili, zinazobaki ndiyo nyota yake. Kisha Mama anazikusanya anazitia chunguni. Nilikuwa nakutania: Baba, leo tunakula nyota ya nani? Nawe unajibu bila kuinua uso, "Ya mwenye njaa." Ila kwenye kazi hukuwa na mzaha. Ulisema falaki ni ufundi kama wa kushona kanzu: kitambaa katoa Mungu, wewe unapima tu, na kwanza umtazame mtu usoni ndipo utazame mbaazi.

Mwanangu wa kiume nilimpa jina lako, Mfaume. Tangu utuache, jina hilo ndilo linalomchekesha Mama. Anambeba mgongoni, anamwita "mume wangu", anamgombeza kwa makosa yako wewe. Lakini homa haimwishi mtoto, Baba. Nimempeleka hospitali Mnero, dawa anakunywa, homa inaondoka, inarudi. Nikazipanga mbaazi. Jina lako na langu yanaangukia Simba, nyota ya moto; jina ndilo linalomchoma mtoto. Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Simba tena.

Nikakukumbuka. Mimi nilizaliwa Somoe, jina la mama yako, na ulilipenda mno. Nilipougua hukuling'ang'ania. Ulipika uji, ukawaita watoto wa jirani, wakaniita Zaituni kila wakinywa, mpaka chungu kikakauka. Sikuwahi kukuuliza kama uliumia. Leo nimejua.

Uji nimeupika asubuhi hii. Watoto wa jirani wamemwita mwanangu jina jipya, Salumu, hadi wamechoka. Mama alikaa kando, kajiziba mdomo kwa kanga, mwishowe naye akanong'ona, "Salumu, mume wangu." Chungu nimekiosha huku nalia. Sasa humu ndani hakuna anayeitwa Mfaume.

Pumzika, Baba. Jina lako nakutunzia mimi. Salumu akikua nitamkalisha kwenye mkeka huu nimfundishe, na mbaazi za kwanza atakazopanga zitakuwa za herufi za jina lako.

Mwanao Zaituni,
uliyemzaa Somoe