Amina ya Kila Kitu

Mjukuu wangu Kulwa, mwangaluka. Hapa Somanda tu wazima, ila shangazi yako amejaza pamba sebuleni kwangu na nimechoka kuiruka.

Unauliza ufanyeje na vijana wako wa mafunzo ya Biblia huko Dodoma, wanaoitikia amina kwa kila kitu. Wa kwangu walikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa msichana, nikiwafundisha baada ya ibada, na walinichosha mpaka Jumapili moja nikatamka kwa makusudi kwamba Yona alimmeza samaki mkubwa, akakaa naye tumboni siku tatu. Wakaitika amina.

Kijana mmoja tu wa nyuma akanyoosha mkono. "Dada, hapo umekosea. Halafu mimi sielewi kwa nini Mungu alihangaika na mtu mkaidi vile."

Wenzake wakamzomea. Mimi nikawanyamazisha, tukaongea mpaka ng'ombe wakarudi.

Basi uliza, kisha unyamaze, usiwajibie. Na mbishi usimfukuze. Wangu ndiye babu yako. Sasa hivi anachungulia barua hii akidai alikaa mbele, si nyuma. Ananichosha, lakini kwenye sala ya jioni ndiye pekee ninayejua kwamba anasikiliza.

Bibi yako