Yohana wa Chai ya Rangi

Jumamosi, 8 Machi 2025

Imekauka! Kipande cha Injili ya Yohana, kwa Kigiriki, herufi zimebanana bila nafasi kama walivyonakili watu wa kale. Nimeiga kutoka picha ya simu. Karatasi nilinunua soko la Kongowea, nikaitosa kwenye chai ya rangi, nikaianika, nikachoma kingo kwa mshumaa. Jiko zima lanuka majani ya chai. Watoto wa sande skuli wataona kwamba Biblia haikushuka mbinguni ikiwa na jalada lake la zipu. Nimekitia kwenye fremu ya kioo, na chini yake nimebandika kibandiko: MFANO TU.

Jumapili, 9 Machi

Nina hasira mpaka kichwa chaniuma. Nimeitundika fremu kanisani, na Pasta Musyoka amekibandua kibandiko! Ati chaharibu sura. Kisha akatangaza madhabahuni: wapendwa, maandishi ya miaka elfu moja mia nane yamefika Mtopanga! Vigelegele. Miaka gani? Juzi yalikuwa ndani ya sufuria yangu! Nikamfuata baada ya ibada. Ati mwalimu Kahaso, usiwavunje watu moyo. Watoto hata hawakupata kusogea karibu — kina mama walijaa, wanapangusa kioo kwa ncha za leso, wanajifuta usoni.

Jumatano, 12 Machi

Kioo kimejaa mafuta ya upako. Herufi hazisomeki. Nimesugua kwa sabuni na gazeti, wapi!

Alhamisi, 13 Machi

Nimepita Mishomoroni kwa shangazi Margret, aliyenilea. Macho mekundu, anatembea akishika ukuta. Shikamoo — marahaba mwanangu, nimepona! Kupona nini? Dawa za presha ameziacha tangu Jumapili. Ati alishika kioo, basi. Nikamwambia shangazi, ile karatasi nimeichovya mimi kwenye chai. Akacheka. Ati nina utani kama marehemu babangu. Nimelia njia nzima.

Jumapili, 16 Machi

Nimesema! Wakati wa matangazo nikasimama bila kuitwa, nikachovya karatasi nyingine kwenye kikombe cha chai mbele yao wote. Tazameni! Ile pia nimeitengeneza mimi, jikoni kwangu. Pasta akaiashiria kwaya ianze kuimba. Shangazi akanitazama, midomo yamtetemeka. Nikajua ameelewa.

Leo hiyo hiyo, baada ya chakula

Hakuelewa chochote. Yuko sebuleni. Amekuja na mfuko wa dawa — nikamshukuru Mungu. Akauweka mezani, akapiga magoti. Kwangu mimi! Shangazi aliyeniosha na kunitawaza nikiwa mchanga! Ati kumbe kilichomponya si karatasi, ni mikono iliyoiandika. Nimwekee mkono kichwani. Nikamsihi ainuke, ameze dawa. Ati mkono wako ukiniambia nimeze, nitameza. Bila hivyo hagusi kidonge.

Nimemwambia naenda chumbani kuchukua miwani. Sina miwani. Nimekaa kitandani naandika.

Nikikataa, atarudi kwake na presha yake. Nikimwekea mkono, atameza — na mimi nitakuwa nimebandua kibandiko, sawa na Pasta. Ya Rabi, nifanyeje?

Ananiita. Abee, shangazi. Naja.