Kwa Mas Dibyo, Kuhusu Nyaya za Ndege Yako ya Mwisho

Mwaka umezunguka, Mas Dibyo, na kiti chako cha kinyozi bado kinatazama kioo bila mtu. Tunaokuandikia ni mkeo Warsini, binti yako Ratri na mdogo wako Karsono. Tunakuandikia mbele ya majirani na wateja wako wote wa mji wetu wa Madiun, kwa sababu yaliyotupata Jumapili iliyopita si ya kunong'onezana jikoni.

Jumamosi tulikusomea hitima. Watu walijaa mpaka barazani, keki za apem zikaisha kabla ya dua, na Karsono akasema kwamba hata ukiwa kaburini bado unawalaza watu na njaa. Tulicheka. Warsini hakucheka, kwa kuwa alikuwa akiiwazia kesho yake.

Ulikuwa mtu mwema, na hilo hatusemi kwa kuwa umekufa. Wagonjwa wasioweza kuinuka uliwafuata vitandani na mkoba wako, ukawanyoa, ukawapaka poda shingoni, ukaondoka kabla jamaa zao hawajaanza kutafuta pochi. Mtoto akililia mkasi ulimpa pangaboi la ndege ashike, akatulia. Nusu ya wanaume wa mtaa wetu walinuka mafuta ya mbarika, yale uliyokuwa ukitia kwenye injini za ndege zako, na wake zao walijua wametoka kwako hata kama nywele hazikupungua.

Na ndege. Nani wa mtaa huu asiyezijua ndege zako? Zilikuwa ndege ndogo za mfano, zisizo na rubani wala redio. Ulizichonga kwa mbao nyepesi ya balsa, ukazivika karatasi, ukazisugua kwa msasa mpaka Warsini akalalamika kwamba wali una vumbi la mbao. Kisha ulisimama katikati ya uwanja wa nyasi nyuma ya kiwanda cha sukari, kishikio mkononi, nyaya mbili nyembamba za chuma zikienda mpaka kwenye bawa, na ndege ikakuzunguka kwa kasi ya pikipiki iliyoibiwa. Ukiinua kifundo cha mkono inapanda, ukikiinamisha inashuka. Kwenye mashindano waamuzi walikupa alama kwa mizunguko na mapinduko uliyochora angani. Ulishinda mara chache na kushindwa mara nyingi, hasa na Pak Mulyadi wa Surabaya, ambaye ulimwita mwizi mchana na kumkaribisha kwa chakula jioni.

Warsini aliziogopa tangu siku ya kwanza. Alikuwa msichana anayemsaidia shangazi yake kuuza supu ya bakso pembeni mwa uwanja huo. Waya wa mshindani mmoja ulikatika. Ndege isiyo na waya haizunguki tena, inakwenda moja kwa moja na injini yake yote, na ile ilipita juu ya vichwa vya watu ikatoboa ubavu wa mkokoteni wa shangazi. Warsini alilala kifudifudi kwenye matope, mikono juu ya kichwa. Wewe ndiye uliyekuja kumwinua, ingawa ndege haikuwa yako. Alikuambia nyote ni wendawazimu na mnastahili kufungiwa. Ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwomba aje akuvutie nyaya.

Kila ndege, kabla ya kuruka, lazima nyaya zake zivutwe. Mmoja anaishika ndege, mwingine anavuta kishikio kwa nguvu nyingi kuliko ile ambayo ndege itavuta angani, ili chochote cha kukatika kikatike hapo chini. Kwenye mashindano waamuzi wana mizani yenye ndoano. Lakini wewe hukutosheka na mizani yao.

"Kwa nini mimi?" Warsini alikuuliza.

"Rafiki zangu wanavuta kwa heshima," ulimjibu. "Wewe unaogopa. Utavuta kweli."

Akavuta kwa hofu yake yote mpaka ukateleza na ndege yako kifuani, nawe ukaketi kwenye tope lile lile alilotoka yeye. Watu wanasema uliposa siku hiyo hiyo. Warsini anakana, anasema ulingoja mpaka nguo zikauke.

Tangu hapo hakuna ndege yako iliyoruka kabla hajaivuta. Na hakuna hata moja aliyoitazama ikiruka. Akishavuta alikwenda nyuma ya kamba ya watazamaji, akaupa uwanja mgongo, akasikiliza. Alikujua kwa mlio wa injini. Mlio ukipanda alijua unaanza kuipindua, ukinyooka alijua unaipumzisha, na ukizima moyo wake ulisimama nao mpaka akusikie ukicheka. Wake wa washindani wengine walimtania kwamba amelipa kiingilio cha kutazama miti. Aliitikia na kuendelea kuitazama miti.

Miezi yako ya mwisho ulibadilika kidogo, tukakuona bila kukuona. Uliacha kunyoa wateja ndevu kwa wembe. Ulisema wembe wa siku hizi ni mbaya, nasi tukakuamini, maana ulilalamikia kila kitu cha siku hizi. Kikombe cha kahawa ulikishika kwa mkono wa kulia tu. Na siku moja ulimwambia Warsini apumzike, amezeeka na mgongo unamsumbua, nyaya za ndege mpya atazivuta Karsono. Alifurahi. Alidhani baada ya miaka yote hiyo umemhurumia.

Ndege hiyo mpya uliimaliza, ukaipaka kijani na njano, ukaitundika darini ikauke. Hukuirusha. Kiharusi kilikukuta dukani, umekaa kwenye kiti cha wateja na gazeti usoni, na mteja aliyeingia alingoja kwa adabu uamke.

Basi Jumapili, siku moja baada ya hitima, rafiki zako wakaandaa shindano dogo la kukukumbuka kwenye uwanja ule ule. Walikuja wa Solo, walikuja wa Surabaya. Kabla ya mashindano yenyewe Ratri, uliyemfundisha tangu urefu wake haujafika kwenye meza yako, angeirusha ndege yako ya kijani, mara moja, kwa heshima yako. Haikuwa ya alama, kwa hiyo waamuzi waliweka mizani yao mbali. Wateja wako walijaa kwenye kamba na watoto wao, simu zimeinuliwa juu.

Warsini aliamka na hofu mbili siku hiyo, na zote mbili zilimkalia kifuani. Aliogopa kuvuta, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yako na ikivunjika hakuna wa kutengeneza nyingine. Aliogopa kutovuta, kwa kuwa mwenye kushika kishikio ni Ratri. Alimwambia Karsono kwamba tumbo linamuuma. Karsono akamwambia ni apem alizokula, naye hakuwa amekula hata moja.

Uwanjani Pak Mulyadi alipiga goti akaishika ndege yako kwa mikono miwili. Nyaya zikanyooshwa kwenye nyasi. Ratri akampa mama yake kishikio, kisha Karsono akasogea na kumwambia kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia, "Shemeji, kidogo tu. Ya heshima. Watu wapige picha."

Warsini alikishika kishikio. Mikono ilikuwa imelowa jasho, akaipangusa kwenye sketi, akashika tena. Upande wa mlimani wingu lilikuwa linajikusanya na mtu akasema tufanye haraka. Aliitazama ndege, akamtazama Ratri akifunga kamba ya kifundo, ile inayomfunga mrushaji na kishikio chake. Angeweza kuvuta kidogo na kutabasamu, na hakuna mtu pale ambaye angemlaumu, hata wewe.  Akakaza miguu, akavuta kama siku ya matope.

Kulitoka mlio mkavu ndani ya bawa. Warsini akaanguka chali na kishikio mkononi, nyaya zikamrukia na kumchora shavu. Lile ulilozoea kuliita goti la ndege, kile chuma cha ndani ambacho nyaya hufungwa kwacho, lilitoka lote pamoja na kibao chake, likalipasua bawa mpaka katikati. Pak Mulyadi akabaki amepiga goti na ndege iliyoachama mapajani. Watu kwenye kamba wakashusha simu zao mmoja mmoja.

Ratri hakupiga kelele. "Hiyo ilikuwa ya mwisho, Mama," alisema.

 Warsini alikuwa ametambaa kwenye nyasi mpaka kwenye kile kibao, akakigeuza. Upande wa kulia nyuzi za mbao zilikuwa zimeng'oka na gundi, kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto gundi ilikuwa imekauka peke yake, laini na inang'aa, haijagusa mbao popote. Wewe, uliyekuwa ukirudia kazi kwa nafasi ya unene wa unywele, uliacha nusu ya goti ikining'inia hewani na hukujua. Mkono wako wa kushoto haukuwa unasikia kitu.

Hapo ndipo kumbukumbu zilipomjia. Aliuona wembe ulioacha kuushika. Alikiona kikombe. Akaelewa kwa nini Karsono ndiye angevuta, Karsono anayevuta kwa heshima. Kisha akainua macho akaona pale ambapo ndege ingekwenda baada ya kung'oka, na pale walikuwa wamekaa watoto wa wateja wako kwenye mkeka, na mmoja anakula muwa. Ratri alimfuata kwa macho, akaona alichokiona, akakaa chini kando yake. Walishikana. Karsono alikwenda kutapika nyuma ya gari, na hapa hatumtanii.

Mas Dibyo, na hili ndilo tulilotaka ulisikie. Tulikudhania mtu usiyejua hofu. Kumbe uliogopa. Uliogopa mkono wako, uliogopa kuambiwa uache, na zaidi ya yote uliogopa jinsi Warsini angevuta. Ukamficha yeye, kati ya watu wote. Ungemwambia tu. Katika nyumba hii yeye ndiye fundi wa kuogopa, ameifanya kazi hiyo miaka yote mliyokaa pamoja, angekufundisha. Angeishika ile gundi, angeushika ule mkono, angekupeleka hospitali akikuvuta kwa nguvu ile ile. Amekukasirikia sana, tusikufiche. Amelia kwa hasira wiki nzima, na katikati ya kulia anakwenda kuipangusa vumbi ndege yako.

Mvua haikunyesha siku ile. Ratri akainuka akaenda kuleta ndege yake mwenyewe, ile kuukuu yenye viraka. Akampa Pak Mulyadi aishike. Akanyoosha nyaya. Akakiweka kishikio katika mikono ya mama yake.

"Vuta, Mama," alisema. "Vuta unavyoogopa."

Akavuta. Pak Mulyadi akaburuzwa kwenye nyasi, nyaya zikashika, goti likashika, kila kitu kikashika. Warsini akaenda nyuma ya kamba, akaupa uwanja mgongo, akasikiliza. Mlio ulipanda, ukanyooka, ukapanda tena. Ulipozima alifumba macho mpaka akasikia kicheko, na kicheko kilikuwa chako, kimetoka kinywani mwa Ratri. Katika shindano Ratri alipata nafasi ya nne. Karsono anasema ya tatu aliibiwa.

Ndege yako ya kijani hatukuitengeneza. Imetundikwa dukani juu ya kioo, bawa limeachama, ili anayeketi kunyolewa aione. Kijana anayenyoa sasa anatumia wembe wako na mkono wake uko thabiti. Warsini humwangalia mkono huo kila asubuhi kabla hajamruhusu afungue mlango.

Wanaokukumbuka ni mkeo Warsini, binti yako Ratri, mdogo wako Karsono, rafiki yako na mwizi wako Mulyadi wa Surabaya, na vichwa vyote ulivyovinyoa Madiun. Hutoki mioyoni mwetu, leo wala kesho. Mola akulaze pema.

Pumzika sasa, Mas. Usimwogopee mwanao. Nyaya zimevutwa.