Miwani Yenye Ukungu

Jumanne, 15 Julai 2025
Nimepata miwani kwenye begi la binti yangu Nekesa nikitafuta nguo za kufua. Vioo vimetiwa ukungu juu, chini tu ndiko kuna upenyo. Nimeivaa – sioni dirisha, naona vidole vyangu tu. Miwani ya nini hii, kwa mtoto anayesomea urubani? Marehemu mama yangu alianza hivyo hivyo, dunia ikamwingia ukungu kutoka juu. Alituficha miaka miwili.

Jumatano, 16 Julai
Nimemuuliza. Amecheka. Eti ni ya mazoezi. Mawingu yakifunika, rubani haangalii nje, anafuata mishale ya vipimo vilivyo mbele yake mpaka karibu na chini. Akifika kimo alichopewa na bado haoni uwanja, anapanda tena. Hakuna kubahatisha. Na macho? Eti daktari wa marubani alimpima. Herufi za kupimia macho zinakaririwa, mama alizikariri.
Nikampa maharagwe achambue. Jioni jiwe likanigonga jino.
"Mathe, hata wewe huwa unaacha mawe."
Mimi? Tangu lini?

Alhamisi, 17 Julai
Anaongea peke yake chumbani, Kizungu. Nimeweka sikio mlangoni. Anasema yuko wapi, anaelekea wapi, halafu kimya. Hakuna anayejibu. Nikafikiri ni mwanaume kwenye simu.
Kumbe mazoezi tena. Anasema hapa juu ya mtaa wetu wa Fedha ndege zinapangwa na watu wa mnara wa uwanja – wewe ngoja, wewe shuka. Lakini viwanja vingine vya mashambani havina mnara. Huko kila rubani anajitangaza mwenyewe, aliye karibu asikie.
"Na huyo mwingine akinyamaza?"
"Ndiyo maana naangalia nje, mathe."
Aha. Kwa hivyo macho yanatakikana. Amejisema mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai
Leo ana mtihani wa kuruka na ile miwani. Bila hiyo hakuna mtihani. Iko ndani ya mkebe wa unga, mimi ndiye nimeizika asubuhi akioga. Daktari wa macho amwone kwanza, nikiwa nimeketi hapo. Heri anikasirikie.
Amepindua godoro, amevuta makochi. "Mathe, hujaiona kweli?" Nimesema sijaiona. Naandika hapa mezani ili nisimwangalie. Chai yake imepoa.
Sasa ameacha kutafuta. Amesimama kule mlangoni na viatu mkononi.
"Mathe," anasema, "hiyo kucha yako ina unga."