Kuba la Edirne, Kanisa la Masisi

Masisi, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, malisho yote yamefunikwa na ukungu. Pumzi ni fupi leo.

Kwa zaidi ya miaka arobaini nimeficha kwamba umbo la kanisa letu la kilimani nililichukua kutoka msikitini.

Nilipokuwa nasomea ujenzi Ulaya, nilipanda treni hadi Edirne, Uturuki, nikavua viatu, nikaingia katika msikiti uliojengwa na fundi mkuu wa masultani. Nilisimama nikaangalia juu. Nguzo nane tu, na juu yake kuba pana ajabu, kana kwamba halina uzito. Madirisha yamelizunguka chini yake. Mwanga unaingia kila upande hata hujui jua liko wapi. Mimi, Mkatoliki wa Masisi, nililia. Mzee mmoja alinisogezea nafasi kwenye zulia, bila kuniuliza kitu.

Nilichora yote katika daftari.

Niliporudi nyumbani nikiwa mhandisi, nilipewa kusimamia ujenzi wa kanisa, na kila Jumapili kila Mkristo alikuja misa na tofali moja la kuchoma. Fundi wetu alikuwa Papa Bauma. Aliliinua kuba letu, dogo lakini zuri, na watu waliingia wakinong'ona. Sikuwaambia lilikotoka.

Msimu wa mvua uliofuata likapasuka. Tukalibomoa, tukaezeka mabati. Niliiambia kamati kwamba mchanganyiko wa saruji ulikuwa mbovu. Hakuna aliyempa Bauma kazi tena. Alienda kwenye machimbo ya Rubaya kubeba mizigo mgongoni, akafia huko.

Leo binti yake, Mama Furaha, ameniletea maziwa. Amenitania kwamba nimekonda hivi, upepo utanibeba mpaka Walikale bila kulipa pikipiki. Kisha akaketi.

"Papa Ingénieur, baba alikufa akisema mukono yake haikukosa. Weye ulikuwa mukubwa wa kazi. Iko kweli ao hapana?"

Nilimwambia nimechoka. Aliosha kikombe, akaenda.

Nimefungua daftari. Kule Edirne, nje, juu ya kila nguzo kumesimama mnara mdogo, mzito. Kuba husukuma nguzo kwenda nje. Minara hiyo huzikandamiza zisitanuke. Bado nastaajabu: mtu alichukua uzito, akaufanya uonekane pambo!

Mimi niliuona pambo tu. Nikaifuta minara kwenye mchoro wa kanisa letu.

Bauma aliniuliza, tukiwa juu ya jukwaa, kwa nini vichwa vya nguzo vimebaki vitupu. Nilimjibu kwamba kazi yake ni kujenga, si kufikiri. Mwaka mmoja baada ya kubomoa, nilisoma kitabuni maana ya minara ile. Bauma alikuwa hai bado, Rubaya, mwendo wa siku moja kwa miguu.

Mama Furaha, ukija asubuhi nitakuambia kwa mdomo wangu. Nikiwa sipo, soma hapa. Saruji ya baba yako ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa langu, na nililijua angali hai.